Gogo la Watu Wanne

Libenanga alipenda vitu vizito. Jembe lake lilikuwa zito, mlango wa nyumba yake ulitaka mtu mzima kuusukuma kwa bega, na hata maneno yake aliyatua chini kama mzigo, kisha akasimama pembeni kuona nani ataweza kuyanyanyua. Kijijini kwao, ng'ambo ya Kivukoni upande wa kuelekea Mahenge, hakuwepo aliyeweza. Ndiyo maana watu walimheshimu, na tuseme kweli, ndiyo maana pia alikosa wa kumwambia ukweli mapema.

Mali yake kubwa ilikuwa mtumbwi wa mvule alioupa jina Mlezi, mpana kiasi cha mbuzi wawili kusimama ubavu kwa ubavu. Ujanani alibeba pembe za ndovu mpaka Kilwa, na huko akaona vyombo vinavyosukumwa na upepo huku mabaharia wamekaa. Aliporudi alisimamisha mti katikati ya Mlezi, akamwambia mkewe asuke mkeka wa ukindu, akauning'iniza pale uwe tanga. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Ikaja masika, bonde lote likawa maji, na Mlezi ukawapita majirani kumi wakitoka jasho kwenye upondo huku Libenanga ameketi anatafuna muwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyecheka tena, wote waliomba kupandishwa.

Lakini chombo kikubwa kina shida zake kubwa. Maji yakipungua, Mlezi haukuweza kufika nyumbani. Ulisimama mbali, nje ya fungu la mchanga, na kutoka pale mpaka ukingoni palibaki tope, matete na mabwawa: kina kifupi mno kwa Mlezi, kirefu mno kwa mwanamke mwenye kapu kichwani, na mamba hawaulizi huyu mke wa nani. Kwa hiyo Mlezi ulikokota nyuma yake mtumbwi mdogo wa kushusha watu na mizigo. Mdogo huo ulikuwa wa gome. Mtu alichagua mti wa mwombo ulionyooka, akauvua gome lote kwa mkupuo, akakunja ncha na kuzishona kwa kamba, akaziba nyufa kwa utomvu. Kazi ya siku moja.

Mwezi wa tano, mwaka ambao mapadre waliuhesabu kuwa elfu moja mia tisa na nne, mtumbwi wa gome ulipanda kisiki kilichojificha ukachanika kama jani la mgomba. Ukamwaga makapu matatu ya mpunga pamoja na mke wa Libenanga, Mama Ligwimba. Mama aliopolewa na binti yake Masika, msichana wa miaka kumi na miwili aliyeogelea kuliko kambale. Mpunga walikula samaki. Libenanga alisimama juu ya Mlezi, majirani wote wakimtazama, akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo:

"Kuanzia leo, nyumba yangu haipandi maganda!"

Angesema kimya kimya, mambo yangekuwa mengine. Ila alilisema mbele za watu, na neno la mbele za watu kwa mtu kama yeye ni kigingi kilichopigwa chini.

Nyumbani, wakila, ndipo yalipoanza mashauri. Libenanga alitaka mtumbwi mdogo wa mti mzima, wa mninga, uchongwe na Fundi Mtwanga wa Kivukoni. Mwanawe Ligwimba akakohoa. Huyu alikuwa amekwenda mlimani kwa mapadre kujifunza useremala, akarudi baada ya miaka miwili na vitu vitatu: msumeno, jina la Wendelin, na mke aliyeitwa Brigita. Msumeno baba yake aliupenda. Jina hakulitamka hata siku moja. Na Brigita, binti wa Wapogoro wa mlimani ambaye hakuwahi kuona maji mengi kuliko ya mtungini, alimwita "wa mlimani", mbele yake na nyuma yake.

"Labda tuupasue mbao, Baba," Wendelin alisema. "Mbao ni nyepesi, na kingo zake tunaweza kuziinua."

"Mbao ni za meza," baba yake akajibu. "Mezani hakuna mamba."

Brigita alikuwa amepiga magoti akimnawisha mkwewe. "Baba, naomba na mimi niseme."

Libenanga alikung'uta vidole.

"Gome likichanika leo, kesho tuna jingine. Watu wawili wanalibeba kichwani, hata mwanamke peke yake analivuta kwenye tope. Lakini huo wa mninga, Baba, siku Mlezi haupo nani atauvuta?"

"Mlezi utakwenda wapi?" Libenanga akacheka, akamgeukia mkewe. "Sikia. Aliyekulia kwenye mawe ananifundisha maji."

Tusimwonee mzee. Sababu zake zilikuwa na maana. Mninga haupasuki kwenye kisiki. Kiboko akiung'ata huacha alama ya jino akaenda zake. Kiangazi unauzamisha bwawani, umeujaza mawe, na miezi mitatu baadaye unauibua mzima bila ufa, wakati gome hapo lingekuwa limeoza zamani. Yote aliyosema ni kweli, na hiyo ndiyo shida ya wakaidi: huwa na haki nusu, na kwa nusu hiyo hujenga ukuta mzima.

Mti ulipatikana, ukaangushwa. Sasa, kwa watu wa mto wa kwao, mtumbwi wa nyumba haukupimwa kwa kamba wala kwa hatua. Ulipimwa kwa watu. Gogo likishalazwa, wenye nyumba hulikalia wakiwa wametanua miguu huku na huku, mgongo wa mmoja kwenye magoti ya mwingine, wote wakitazama upande wa omo, yaani ncha ya mbele. Fundi huja na shoka akaweka alama nyuma ya wa mwisho. Hapo ndipo mtumbwi unapoishia. Aliyekalia gogo ana mahali pake mpaka kufa kwake, na asiyelikalia akipanda hupanda kama kapu, chini, miguuni pa watu.

Siku hiyo Libenanga alikaa mbele. Nyuma yake akakaa Mama Ligwimba, akafuata Wendelin, kisha Masika akichekacheka kwa kutekenywa na magome. Brigita alifika na chungu cha kambale na ugali wa mtama. Alivitua, akajifuta mikono kwenye kaniki yake, akaja kukaa mwisho, nyuma ya Masika.

"Wewe tengeneza chakula," Libenanga alisema bila kugeuka.

"Nimeshatengeneza, Baba."

"Basi kilinde na nzi."

Brigita alisimama pale pale. Nyumbani mzee alikwisha kumwambia mkewe: mwaka wa pili huu hajazaa, akizaa atakalia, kwa sasa ni mgeni. Mama Ligwimba alijua, kwa hiyo alitazama miguu yake. Wendelin alitazama mgongo wa mama yake. Kulikuwa na nafasi ya neno moja, nafasi nzima kabisa, na Wendelin aliiacha ikapita.

Fundi Mtwanga alikuwa mtu mfupi, kidole kimoja kimekatwa na tezo, asiyependa maneno. Alimtazama Brigita, akawatazama waliokaa.

"Ndio wote?"

"Ndio wote," Libenanga akajibu.

"Gogo likikatwa halirefuki, mzee."

"Nimesema ndio wote!"

Shoka likapiga mara tatu nyuma ya Masika. Brigita alichuma tawi la majani akakaa karibu na chungu akipunga nzi. Hakulia. Aliwagawia chakula kwa heshima zote, baba mkwe kwanza, akampa mumewe mwisho bila kumtazama usoni.

"Ungesema neno moja tu," alimwambia njiani wakirudi.

"Ni baba yangu, Brigita."

"Na mimi ni nani?"

Wendelin aliongeza hatua, akamtangulia mpaka nyumbani.

Mtumbwi ulipokamilika kila mtu alikiri kwamba Mtwanga amejua kuchonga. Ulikuwa mwekundu, laini, umekaa majini bila kuyumba, na ukifungwa nyuma ya Mlezi ulifuata moja kwa moja bila kugonga. Waliuita Mkia. Watu wanne walikaa wakajaa sawasawa, kingo zikabaki kiganja kimoja juu ya maji. Brigita alipopanda alikaa chini kati ya makapu, akapewa kibuyu cha kukumbia maji. Alikumba. Wakati mwingine, wengine wakilala mchana, alimwomba Masika amfundishe kuogelea, kisha kupiga kafi, kisha kusoma mkondo. Haukupita mwaka akawa anaupitisha Mkia penye maji ya kuzunguka ambapo wanaume wa kijiji walishuka wakatembea. Libenanga aliona. Hakumsifu, kwa maana sifa ni kitu chepesi, na yeye vitu vyepesi hakuvipenda.

Mwaka uliofuata, kiangazi, akaja mtu wa maji.

Alikuwa na kibuyu na mtama, na maneno yaliyokwisha kumtangulia: anayekunywa maji haya, risasi ya Mjerumani itageuka maji mwilini mwake. Ungedhani Libenanga, aliyekunywa mto ule miaka hamsini na kuona ukibeba chochote ulichotaka, wema kwa wabaya, angekuwa wa kwanza kuuliza maswali. Hakuuliza. Mwaka uliopita akida alitaka Mlezi ukasombe pamba, Libenanga akakataa, na askari wakamlaza chini wakamchapa viboko ishirini na tano mbele ya mkewe na binti yake. Tangu hapo kulikuwa na kitu ndani yake kisicholala. Alikunywa maji yale kwa mikono miwili. Kisha kwa siku mbili Mlezi ulivusha wapiganaji waliokuwa wakienda kuvamia boma la Mahenge, tanga limejaa upepo, wanaume wakiimba, na hakuomba hata kichane cha ndizi. Kumcheka kwa hilo ni rahisi kwa mtu ambaye mgongo wake ni mzima.

Wendelin hakutaka kwenda. Alikuwa na msalaba shingoni, na askari waliokuwa bomani aliwafahamu kwa sura na kwa silaha zao.

"Nani alikalia gogo langu?" baba yake alimwuliza. "Aliyekalia gogo langu huenda ninakomtuma."

Akaenda. Waliokwenda kama nzige walirudi mmoja mmoja, wengi hawakurudi kabisa. Bunduki ile ya mfululizo waliyoiita bombom iliwalaza kama mtama uliopitiwa na panga. Wendelin alirudi siku ya kumi na mbili, ana risasi pajani, anaegemea fimbo. Mama yake alimwuliza ilikuwaje.

"Maji ni maji, Mama," alisema, akalala.

Kisha wakashuka askari. Walichoma nyumba, wakachoma maghala, mpunga ukaungua siku tatu kwa harufu ya karamu. Mlezi waliuvuta ukingoni wakauwasha. Mkeka uliisha kwa pumzi moja, lakini mvule ule ulikataa, wakauongezea kuni mpaka ukakubali. Libenanga aliutazama moshi kutoka kwenye matete alikojificha na watu wake, ameuma kitambaa ili asitoe sauti.

Mkia ulinusurika. Alikuwa ameuzamisha bwawani kwa mawe, na askari walipita hatua nne kutoka pale wasione kitu.

"Mnaona?" aliwaambia. "Gome lingekuwa wapi sasa?"

"Kweli, Baba," Brigita akasema, kwa sababu ilikuwa kweli. Mimba yake ilikuwa ya mwezi wa sita. Mzee aliliona tumbo lile kila siku, wala hakusema lolote kuhusu mahali pa mtu kukaa.

Walikaa kwenye matete wiki nzima, wakichimba mizizi kwa kificho. Katikati ya bonde kulikuwa na kichuguu kikubwa, kisiwa chenye mikwaju miwili, mahali ambapo bila chombo hufiki. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, maji yanapanda. Mpango ulikuwa kuvuka huko doria ikipita. Brigita alihesabu watu kwa macho, akautazama Mkia.

"Baba, miombo iko pale juu, nyuma yetu. Gome la siku moja tu. Wawili wapande gome, watatu wapande Mkia."

"Shoka litasikika."

"Gome linavuliwa kwa kisu na kabari, Baba. Halina kelele."

Wendelin akasema, "Mimi nitakaa nilivue. Mguu hauhitajiki kwa kuvua gome."

Libenanga aliangalia maji. "Shoka litasikika," akarudia.

Shoka halikuwa hoja, na alijua. Alikuwa anausikia mdomo wake mwenyewe juu ya Mlezi, mbele za watu. Wale watu, wengine walikuwa wamekufa, wengine wamekimbilia Sanje chini ya milima, hapakuwa na hata mmoja wa kumkumbusha alichoapa. Lakini kigingi kilikuwa kimepigwa ndani yake, na akakaa amefungwa hapo kama mbuzi. Siku hiyo ikapita. Ikapita na ya pili. Kiburi si maungwana, wanasema, na mara nyingi anayelipa si mwenye nacho.

Siku ya tatu asubuhi walisikia mbwa. Kisha moshi, maana askari walikuwa wameyawasha matete makavu ya mwaka jana ili kuwatoa watu. Wakauibua Mkia, wakatoa mawe, wakaingia wote watano. Maji yakaingia pamoja nao. Kingo zilizama palepale, Mama Ligwimba akapiga ukelele akauziba kwa kiganja.

Brigita aliyekuwa chini, miguuni pa watu, ndiye aliyeinuka kwanza.

"Nashuka mimi," alisema. "Mimi sikupimwa."

Alisema bila sumu yoyote, kama mtu anayekumbusha kanuni ya kazi, na Libenanga angependelea achomwe mkuki kuliko kusikia sauti ile.

Wendelin alimshika mkewe bega akamkalisha mahali pake mwenyewe, kati ya mama yake na Masika. Kisha akatoa mguu mmoja mzima, halafu ule mbovu, akashuka majini mpaka kifuani.

"Baba, huyu ni wa hapa," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia baba yake neno lililonyooka. "Wapeleke. Urudi unichukue."

Hapakuwa na muda wa kubishana. Libenanga alipiga kafi, Brigita akapiga kafi, Mkia ukakaa kiganja kimoja juu ya maji kama ulivyochongwa. Mpaka kisiwani na kurudi si mbali, ni muda wa kusonga ugali. Aliwashusha wanawake watatu akageuza peke yake.

Alikuwa nusu ya njia aliposikia mlio wa bunduki. Mmoja, halafu wa pili.

Libenanga aliacha kupiga kafi. Hili hakumwambia mtu mpaka kufa kwake: alikaa pale katikati ya maji, kafi magotini, akihofia uhai wake, Mkia ukielea pole pole kurudi kisiwani. Alikaa mpaka sauti za mbwa zikaenda mbali. Ndipo akaendelea.

Moshi ulikuwa mzito pembeni, lakini mahali pale palikuwa na maji, matete hayakuungua. Alimwona mwanawe kwa mbali. Amesimama majini mpaka kifuani, vilevile alivyomwacha, uso umeelekea kisiwani. Moyo wa mzee uliruka. Akaanza kuita huku anapiga kafi kwa nguvu, chozi linamtoka.

"Nimekuja! Nimekuja, Wendelin!"

Hakuitika. Ni matete tu yaliyokuwa yamemshikilia, kwapa huku na kwapa huku. Libenanga alipomgusa aliangukia mtumbwini kama aliyechoka. Walirudi wawili. Mkia ulimbeba vizuri sana, haukuyumba hata kidogo, kwa sababu ulikuwa umepimwa kwa ajili yake.

Walimzika chini ya mkwaju. Mama Ligwimba alimtazama mumewe mara moja tu, pale kaburini, na baada ya hapo hakumtazama tena. Brigita alilia siku hiyo kwa yote, kwa gogo, kwa gome, kwa neno moja ambalo mumewe alichelewa mwaka mzima na nusu kulisema na lilipotoka lilikuwa na bei ile.

Maji yakapanda, njaa ikapanda nayo. Walikula mizizi ya mayungiyungi, wakala samaki pale walipopatikana, wakala ngozi ya mkoba wa zamani. Mama Ligwimba alijifanya hana hamu ya kula, akawa anasogeza sehemu yake kwa Brigita. "Kuleni nyie wawili," alisema. Alikufa mwezi wa pili, akiwa mwepesi kiasi kwamba Libenanga alimbeba kwa mkono mmoja, na akamchukia Mungu kwa wepesi ule. Mtoto alizaliwa mwezi wa tatu, mvulana, mvua inanyesha, Masika ndiye aliyempokea. Wiki tatu baadaye Masika alichimba mzizi asioujua, akauonja kabla ya kumpa wifi yake. Alihara siku nne. Yule aliyeogelea kuliko kambale hakuweza hata kutambaa mpaka majini kujiosha.

Hivyo ndivyo nyumba ya Libenanga ilivyokwisha, na ningekuwa na njia ya kulisema jambo hili kwa upole ningeitumia.

Mwezi wa sita maji yalianza kurudi nyuma. Mvuvi mmoja aliyepita mbali alipaza sauti kwamba Kivukoni watu wameruhusiwa kukaa, na kwamba kutoka Sanje na Mkula wapo wanaoleta ndizi. Brigita aliuosha Mkia. Alimfunga mtoto kwa kipande cha kaniki, akashika kafi, akakaa nyuma apate kuongoza.

Libenanga alifika, akaweka mguu mbele, mahali pake pa siku zote. Akasita. Mbele yake na nyuma yake mtumbwi ulikuwa mtupu, mwekundu, laini, bila ufa. Akainama akakaa chini kabisa, pale ambapo zamani palikaa makapu.

"Baba, nafasi ipo," Brigita alimwambia. "Kaa mahali pako."

"Hapa pananitosha." Kisha akanyoosha mikono. "Nipe mtoto, upige kafi vizuri."

Brigita aliweka kafi magotini. Hakuwa amemsamehe, na tusimpambe kwa wema asiokuwa nao. Lakini mkondo ulikuwa na nguvu na mikono yake ilikuwa miwili tu, akampa. Majuto ni mjukuu, wazee husema, na Libenanga alivipakata vyote viwili mpaka ng'ambo. Alichukua kibuyu akawa anakumba maji kwa mkono ulio wazi. Hapakuwa na maji mengi ya kukumba.

Kivukoni palikuwa na watu wachache, mifupa iliyovaa nguo, wamekaa jua linawapiga wakingoja ndizi. Mtu mfupi aliinuka alipouona mtumbwi. Aliujua kabla ya kuwajua waliomo. Aliingia majini mpaka magotini, akaishika omo, akapitisha kiganja chenye vidole vinne kwenye ukingo, taratibu, kama anayempapasa mwanawe aliyerudi salama.

"Haukupasuka," alisema Fundi Mtwanga.

"Haukupasuka," Libenanga akajibu kutoka chini.

Fundi alitazama ndani ya mtumbwi. Akainua macho akatazama mto nyuma yao, akiangalia kama kuna chombo kingine kinakuja.

"Ndio wote?"

Libenanga alifungua mdomo. Mtoto alianza kulia mikononi mwake, naye akawa anamtikisa, anamtikisa tu, ameinamisha kichwa.

Brigita alikita kafi kwenye mchanga.

"Ndio wote, fundi," alisema.

Akashuka, akamchukua mwanawe. Kisha wakajaribu kuuvuta Mkia nchi kavu, fundi mbele, Brigita ubavuni, mzee nyuma akisukuma kwa bega alilokuwa akifungulia mlango wake zamani. Ulikuwa mninga mtupu, na wao hawakuwa na nguvu. Waliuvuta mara mbili, haukusogea, wakauacha majini.